Maana Aliyoibuni Shadya

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikishalia, wanafunzi wa klabu ya Kiingereza walibaki darasani. Skuli yao iko Malindi, karibu na bandari, na honi ya boti ilipolia ilibidi Mwalimu Faiza anyamaze kidogo ndipo aendelee. Shadya, wa darasa la sita, alikaa mbele siku zote. Alikuwa hodari wa Kiingereza, na mwenyewe alilijua hilo.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya maneno ya Kiingereza baina ya skuli, mwalimu aliwapa Shadya na mwenzake Ilham orodha ya maneno kumi. Watafute maana ya kila neno, asili yake na namna linavyotumika. Wasichana wale wakagawana.

"Hili 'whet' niachie mimi," alisema Shadya.

Lilitamkwa sawasawa na "wet", yaani majimaji, neno wanalolijua hata watoto wa darasa la tatu. Kamusi kubwa ilikuwa maktaba, lakini Shadya hakwenda. Alikaa mbele ya televisheni, akaandika kwamba "whet" ni kulowesha, kwamba lilianzishwa na mabaharia waliokuwa wakilowesha kamba zao, na kwamba hutumika sana wakati wa mvua. Habari ya mabaharia aliitunga mwenyewe. Ilimpendeza. Asubuhi alimpa Ilham karatasi yake, na Ilham, mwenye hati nzuri, akayanakili yote kwenye daftari la timu.

Siku ya mashindano ukumbi wa Mwanakwerekwe ulijaa. Timu yao iliongoza mpaka ilipofika zamu ya Ilham.

"'Whet'," alisema mwamuzi. "Maana, asili na matumizi."

Ilham alisimama wima, akajibu bila kusita: kulowesha, mabaharia, kamba, mvua. Kicheko kilianzia viti vya nyuma, kikaenea ukumbi mzima.

"Mwanangu, hayo umeyapata wapi?" aliuliza mwamuzi, huku akijifuta macho.

Ilham alirudi kitini amejiinamia. Timu ilipenya kwenda fainali, lakini kwa alama moja tu.

Nje ya ukumbi Mwalimu Faiza alifungua daftari. "Neno hili alilishughulikia nani?"

Shadya alihisi masikio yanamwaka moto. "Tuligawana, Mwalimu," alisema. "Hilo lilikuwa la Ilham."

Ilham alimtazama Shadya. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Basi fainali Ilham atapumzika," alisema mwalimu kwa masikitiko. "Mwanakheir wa klabu yetu atashika nafasi yake."

Jioni ile mama yake Shadya, Bi Mwatum, alimpakulia wali na samaki. Shadya aliuchezea wali kwa vidole.

"Mbona huli?"

"Nshashiba, Mama."

"Umeshiba nini, na hata tonge moja hujala?"

Shadya akaangua kilio, akaeleza yote. Bi Mwatum alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na Ilham alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alinitazama tu. Mama, nnaona haya hata kwenda skuli."

"Aibu ni yako, Shadya, lakini kaibeba mwenzio. Kesho nenda ukaichukue."

Asubuhi Shadya alipitia maktaba kwanza. "Whet" lilikuwemo, mistari sita tu. Maana yake ni kunoa, kutia makali kisu au shoka. Ni neno la Kiingereza cha kale. Hutumika pia kwa kumtia mtu hamu, kama harufu ya pilau inavyomtamanisha mtu kula. Dakika mbili zingetosha kuyajua hayo yote.

Akaingia darasani, akaomba ruhusa ya kusema.

"Neno lile lilikuwa langu," alisema. "Sikufungua kamusi. Nilitunga uongo, kisha nikamsingizia Ilham. Ilham, nisamehe."

Wengine walicheka. Safari hii walimcheka yeye, naye hakujitetea. Mwalimu Faiza alimrudisha Ilham kwenye timu, akamwondoa Shadya, nafasi yake akapewa Mwanakheir.

Siku tatu Ilham hakumsemesha. Siku ya nne alikuja na daftari, akaliweka juu ya meza ya Shadya. "Niulize maneno haya," alisema. "Lakini yale usiyoyajua, sema huyajui."

Siku ya fainali Shadya alikaa na watazamaji, pembeni ya mwalimu wake. Ilham alijibu maswali yake yote sawasawa, na Shadya akapiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Kisha akainamisha kichwa.

"Bado unaona haya?" Mwalimu Faiza alimuuliza taratibu.

"Naam, Mwalimu."

"Si vibaya. Haya hiyo itakufunza. Kutojua neno si kosa. Hata mimi nafungua kamusi kila siku. Kosa ni kujifanya unajua, na kubwa zaidi ni kumwachia mwenzio aadhibiwe kwa uongo wako. Wewe ulikosea, lakini ulisimama mbele ya wenzako ukasema kweli. Mwakani, ukitaka kurudi kwenye timu, nafasi yako ipo."