Gramu za Mke wa Sonara

Mizani ilishuka peke yake. Ilikuwa saa sita mchana, umeme umekatika, feni imesimama, na Sonara alikuwa ametoka tu kununua gramu moja ya dhahabu inayouzwa na kutunzwa kwenye simu, kwa mzaha, kwa sababu mteja wake mmoja alikuwa amemtumia mwaliko wa kujiunga. Kisahani cha kushoto hakikuwa na kitu. Kilienda chini taratibu, kama kinachobonyezwa na kidole chenye adabu. Sonara alikipuliza, akakifuta kwa kitambaa, kisha akaweka jiwe la gramu moja upande wa pili. Vikalingana sawia.

Hapo ndipo alipokosea, na sonara peke yake ndiye angekosea hivyo. Muuza viatu angetimua mbio. Lakini mtu huyu alikuwa amefua dhahabu miaka thelathini, na katika miaka hiyo alikuwa amedanganywa na wateja, na ndugu, na macho yake mwenyewe. Mizani haikuwahi kumdanganya hata siku moja. Akasema moyoni: kumbe ipo kweli.

Akanunua nyingine kumi kwa fedha walizoweka za kuezeka nyumba. Kisahani kikashuka kumi.

Mke wake mtaa mzima ulimwita Mama Kishindo. Kila mchana alimletea mumewe chakula dukani, na hatua zake zilisikika tangu kona ya kinyozi. Wiki ile Sonara aliinua macho akamkuta amesimama mbele yake, bakuli mkononi.

"We mwanamke, siku hizi unaninyatia?"

"Ninyate na mwili huu? Masikio yako yamejaa vumbi la dhahabu, baba."

Wakacheka. Akakaa kwenye kiti kibovu cha wateja, kiti ambacho siku zote kilimlalamikia. Hakikutoa sauti.

Hakuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yale yale, gauni lilimkaa vile vile. Ila mwezi ulipokwisha alianza kusema kwamba ardhi inamkwepa, na upepo wa mlangoni ulimpeleka ukutani kama pazia. Zahanatini muuguzi alimpima mara tatu, akaomba radhi kwamba mashine imeharibika. Ilisema kilo ishirini na moja. Mwaka jana zilikuwa tisini na mbili. Sonara, aliyesimama nyuma ya mkewe, alipiga hesabu asiyoitaka: tofauti ni sabini na moja, na ndani ya simu yake, pamoja na alizoendelea kununua na za faida, zilikuwamo gramu sabini na moja.

Alirudi dukani mbio akabonyeza palipoandikwa *toa dhahabu*. Harufu ya tindikali ikajaa chumba ilhali chupa zote zilikuwa zimefungwa. Jibu likaja: *Ndugu mteja, lipia kwanza ada ya uhakiki, gramu tano.* Akanunua tano nyingine akalipa, akijua anachokilipa. Jioni hiyo mkewe alianguka kitandani na godoro halikubonyea. Jibu la pili likaja: *Ndugu mteja, bado kuna ada ya kufungulia akaunti. Au mwalike mwingine. Atakachonunua yeye, wewe utarudishiwa.* Na chini yake, kwa maandishi ya kijani: *Faida yako ya leo, nusu gramu.*

Faida ndiyo iliyomtisha kuliko vyote. Hata asiponunua tena, kila siku nusu gramu ingeingia, na kila siku nusu kilo ingetoka kwa mama wa watoto wake, mpaka ibaki sura yake tu, imejaa na kung'aa, ikielea darini.

Akamwita mganga, mwanamume wa makamo aliyewahi kuwa karani wa posta, mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Walimkuta Mama Kishindo amefungwa kitandani kwa kanga mbili, maana dirisha lilikuwa wazi.

"Fundi," mganga alinong'ona, "jini hutolewa kwa vitu vitatu. Jina lake, aliyemtuma, na makao yake. Nipe."

Sonara akaipekua simu. "Jina la mwenyewe halipo."

"Ofisi?"

"Haipo."

"Namba ya kupiga? Serikali iliyomwandikisha?"

"Hakuna, mganga. Hakuna."

Mganga akavua miwani. "Hata yale ya kale yalikuwa na kisima au pango. Huyu nitamfukuzia wapi?"

Hata hivyo alijaribu, maana alikuwa mtu wa kazi yake, akawasha dawa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na moshi badala ya kupanda ukajikunja kuelekea kwenye simu ukaingia humo kama maji kwenye mchanga, na ndani ya ukuta ikasikika nyundo ndogo ikigonga chuma, ti, ti, ti, karibu zaidi kila alipovuta pumzi, mpaka midomo ya Mama Kishindo ikafunguka yenyewe, macho yake yakiwa bado yanamwomba mumewe msaada, na sauti laini isiyo yake, sauti ya mtu mstaarabu asiye na haraka yoyote, ikasema: "Ndugu mteja, ombi lako limepokelewa."

Mganga akafunga mkoba. Alikataa ujira. Mlangoni akasita, akaangalia nyuma.

"Sasa, fundi. Hiyo faida ya kila siku uliyonitajia, huwa inaingia kweli?"

"Inaingia."

"Haipungui?"

"Haijawahi."

"Mimi nina kinga, unajua. Mtu kama mimi anaweza kuingia kidogo, akachukua chake, akatoka mapema."

Sonara alimtazama. Hakuona tamaa usoni pale, ila uchovu wa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. "Nyumbani unaishi na nani?" akauliza.

"Na binti yangu tu. Yuko darasa la pili."

Palikuwa na maneno ya kusema, na Sonara aliyajua yote. Nyuma yake kanga zilikuwa zimekazwa, na kati ya mgongo wa mkewe na godoro ungeweza kupitisha mkono. Akatoa simu, akatuma mwaliko.

Mchana wa siku ya tatu kitanda kililia. Sonara aliacha kila kitu akakimbilia chumbani, akamkuta mkewe ameketi, nyayo zimegusa sakafu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akapiga magoti akamshika miguu, akilia na kucheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja kifuani, anajisikiliza.

"Baba," akanong'ona, "huu uzito si wangu. Huu ni wa mtoto wa watu."