Siku Kumi na Moja Zilizorukwa

Jumamosi hiyo nyumba ya Peres kule Kangemi ilikuwa imetulia. Vyombo vimeoshwa, mtoto wao Ryan yuko nje na wenzake, na Shem, mumewe, ameinama mlangoni akisugua mafuta kwenye jiko la gesi kwa dawa ya kuoshea vyuma aliyoibeba kutoka kiwandani anakofanya kazi, ndani ya chupa ya maji. Wenzangu, mnajua tunavyoishi: mtu akiajiriwa mahali, lazima kitu cha huko kifike nyumbani.

Peres alinusa mara moja tu. Harufu hiyo aliifahamu.

"Baba Ryan, hiyo umeitoa kwa mtungi gani?"

"Ule wa bluu. Na usianze. Iko na alama ya mshangao tu, haina fuvu. Wewe siku moja hata chai yangu utaipima."

Peres hakucheka. Alama hiyo ilitokana na ripoti ya maabara alikokuwa akifanya kazi, kule Hurlingham, na ripoti ilikuwa na sahihi yake. Kemikali ikifika kwao, hupakwa panya walionyolewa mgongo, kisha huangaliwa siku kumi na nne. Wakifa wengi kwa kipimo kidogo, mtungi hubandikwa fuvu la sumu kali badala ya alama ya mshangao, na kiwanda hulazimika kuwapa watu glavu. Lakini mteja alikuwa na haraka. Siku ya tatu panya wote walikuwa wakila vizuri, na mkubwa wake, Bwana Mbugua, akamwambia aandike kumi na nne, kwani tofauti iko wapi. Akaandika. Mtu mwenye stashahada yake ukutani.

Sasa alianza kumchunguza mumewe. Mbona amebakisha chakula? Mbona anajikuna mikono? Mwezi mzima alikuwa akiosha vyuma na dawa hiyo bila glavu. Shem akasema ni uchovu tu.

Jumatatu kazini Peres alimbana Kitavi, anayelisha panya wa maabara. Kitavi alizungukazunguka, akasema vizimba vilihitajika kwa kazi nyingine, panya wakaondolewa.

"Waliondolewa wakiwa wazima?"

Kitavi akatazama mlango kwanza. "Madam, walianza kufa siku ya sita. Kufika ya tisa hakukubaki panya hai. Bwana Mbugua aliniambia nichome mizoga, ninyamaze. Nilidhani unajua."

Kabla hajajibu, simu ikalia. Shem ameanguka kazini.

Hospitalini alimkuta daktari ameshika karatasi ya maelezo iliyokuja na mtungi. Karatasi ilisema mgonjwa aoshwe ngozi, apumzike, basi. Msimamizi wa kiwanda aliketi kando akiitikia kwa kichwa. Shem alikuwa ameshavaa viatu, tayari kurudi nyumbani.

Peres alijua akifungua mdomo, kazi imekwisha, na huenda akashtakiwa.

"Daktari, usifuate hiyo karatasi. Imetokana na ripoti ya uongo. Mimi ndiye niliyeitia sahihi."

Shem alimtazama kwa macho ya manjano, kisha akaanza kuvua viatu.

FUNZO

Shem alilazwa wiki tano, na ini lake bado si zima. Peres hana kazi. Niseme wazi: siku kumi na nne ni kumi na nne. Mkubwa akikuambia uruke, muulize anakimbilia wapi. Sahihi yako ni ahadi kwa watu usiowajua, na usidhani wote wanaishi mbali. Nawe unayebeba dawa za kiwandani kwa chupa za maji, acha leo.