Mikono Mitupu Kwenye Picha

Haya yalimkuta rafiki yangu mpiga picha, akiwa safarini na mumewe na mtoto wao wa pekee, bado mchanga. Alikuwa akijaribu lenzi ya kuinamisha, ile inayofanya mtaa mzima uonekane kama wa vitu vya kuchezea. Akamtuma mumewe akasimame barabarani akiwa amempakata mtoto, yeye akabaki kibarazani ghorofani hotelini; nyuma yake, kwa ndani ya pazia, chumba chao kilikuwa giza. Akapiga, akaikuza picha. Mume alikunja mikono kama aliyepakata mtoto, lakini haikuwa na kitu. Akampigia simu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si huyu hapa, mama watoto, amelala fofofo! Lenzi yako imeanza kula watu?"

Akachungulia chini: kweli, amembeba. Akapiga tena. Mikono mitupu.

"Mlete juu, sasa hivi!"

"Haya, tunakuja."

Nyuma ya pazia, gizani, mtoto wake akakohoa.