Simu Zilizozimwa za Swaibu

Maiti ya Swaibu ilikutwa asubuhi ya Ijumaa nyuma ya kibanda chake cha vitunguu, soko la Kalerwe, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani. Inspekta Ojera alisimama kwenye matope akiwa amekasirika tayari. Kila aliyemhoji alimpa jibu lile lile: marehemu alikuwa jasusi.

Kabla ya hapo, wachuuzi waliotishiwa kufukuzwa sokoni walikuwa wamekutana kwa siri nyumbani kwa Swaibu kupanga maandamano. Swaibu alikusanya simu zote, akazizima, akazitia kwenye sufuria na kuifunika. Hata hivyo, siku yenyewe polisi walitangulia barabarani, na wengi wakakamatwa wakiwa njiani. Basi ikasemwa kwamba Swaibu aliiuzia serikali siri za mkutano kupitia simu hizo hizo zilizozimwa, kwamba zilikuwa zikisikiliza.

"Tumemzika na watu wachache wa msikitini," Shifa, mjane wake, alimwambia Ojera siku ya pili. "Soko zima halikuja. Wanangu wanaitwa watoto wa jasusi. Afande, hilo jina nani atalitoa?"

Ojera alirudi kituoni. Aliuliza wakubwa wake kama simu iliyozimwa inaweza kusikiliza watu. Huku wakamrusha kule. Kule wakamwambia ni siri ya usalama, na yeye anataka kujua ili iweje? Maabara nayo haikupata alama za vidole, kwa kuwa jiwe lilioshwa. Upuuzi mtupu. Alitamani kuirusha simu yake mwenyewe dirishani.

Alirudi kwa Shifa, na katika kulalamika kwake mama huyo akataja jambo. Polisi waliwasubiri kwenye mzunguko wa barabara uliopangwa kwanza, ilhali mwishoni mwa mkutano maandamano yalihamishiwa lango la soko. Ojera akajiona mjinga. Simu ingesikia mkutano mzima. Aliyetoa habari hakuusikia mwisho.

"Nani aliondoka mapema?"

"Komakech wa viazi. Alikuwa na mazoezi ya kwaya."

"Swaibu alimshuku?"

"Hakumjua aliyetoa habari. Alitaka tu Ijumaa wote waape kwamba hawakutoa siri, Waislamu kwa Msahafu, Wakristo kwa Biblia."

Kituoni Komakech hakubisha sana.

"Ulimwambia nani?"

"Shemeji. Yeye ni polisi, anakaa kambi ya polisi Nsambya. Mimi nilisema tu asiende kazi siku ile, mawe itarushwa. Ndugu ya bibi yangu, afande. Akiumia, mimi naambia bibi nini?"

Shemeji akawaambia wakubwa wake. Komakech alipoona lawama zinamwangukia Swaibu, alikaa kimya. Alhamisi jioni alikwenda kibandani kumsihi aache habari za kiapo. Swaibu alikataa.

"Mimi naimba kwaya," Komakech alisema. "Kushika Biblia na kudanganya, hiyo mimi siwezi. Hiyo ni dhambi kubwa."

Ojera aliacha kuandika. "Na kuua?"

"Hiyo niliungama kwa padri."

"Kwa padri ulijisafisha wewe. Swaibu utamsafisha kesho, pale sokoni. Utaonyesha ulivyomuua, na utasema kwa nini, watu wote wakisikia."

Hapo Komakech akalia kwa mara ya kwanza.

"Sokoni hapana, afande. Pale watu wananijua."