Jina la Ndete

Jina halina badali, mwenye nalo aitike;
Uliyemtupa mbali, huja kwa sauti yake.

Ilianza kwa mchanga mwekundu ndani ya buti ambazo Kyalo hakuzivaa tangu arejee kutoka kulinda amani Somalia. Nthoki, mkewe, alizikung'uta roshanini, huko Kariobangi, na kesho yake akaukuta mchanga tena. Oketch, fundi wa kuchomelea vyuma pale chini, akatania kwamba shemeji ameiba ufuo. Kisha ikaja harufu ya baruti. Kisha, jioni moja stima ilipopotea, ikaja sauti.

"Kyalo."

Ikangoja, kisha ikaita jina la pili.

"Ndete."

Nthoki akashika ukuta. Ndete alikuwa kaka yake, askari mwenza wa Kyalo. Na Kyalo aliapa mbele ya mama yao kwamba alimfia mikononi.

Akaitwa Mama Fowsiya, mtabibu wa majini. Alifukiza ubani, akasikiliza, akasema jini huyu anaita majina kama yaitwavyo kambini. Basi Kyalo aseme alilifanyia nini jina la mwenzake.

Kyalo akasema. Kambi ilikuwa imevamiwa, malori yanangoja, majina yanaitwa gizani. Ndete alikuwa nje ya ua, ameumia mguu. Kumrudia ni kufa. Jina lake lilipoitwa, Kyalo aligeuza sauti, akaitikia kwa niaba yake: "Afande!" Hesabu ikatimia, malori yakaondoka.

"Alikuwa hai?" Nthoki akauliza.

"Alikuwa akiniita."

Mama Fowsiya akainua chetezo chake. "Akiita tena, kijana wangu, itikia jina lako, umwombe Ndete radhi. Ukimsukumia mwingine akuitikie, atakuchukua." Akaenda zake.

Magharibi ilipoingia taa zilizimika, na harufu ya baruti ikapanda ngazi polepole, ikapita mlango uliofungwa, na nyuma yake zikaja hatua za mtu aburutaye mguu mmoja juu ya mchanga, zikakaribia, zikakaribia, hata zikasimama mbele yao wawili waliosimama wameshikana mikono.

"Kyalo."

Mkono wa mumewe ulikuwa baridi kama chuma. Akamnong'oneza sikioni: "Niitikie jina langu, Nthoki. Wewe ni damu yake, hatakudhuru."

Nthoki akamfikiria kaka yake nje ya ua, akiita. Akauchomoa mkono wake, akanyamaza.

Stima iliporudi, mlango ulikuwa wazi. Buti hazikuwapo. Mchanga mwekundu ulitambaa hadi ngazini, na katikati ya chumba alikuwa amesimama Nthoki, peke yake.