Nani Alikuwa Anainyonya Betri ya Dada Laurinda?

Nilipitisha wembe kwenye uzi mwekundu, kitambaa cheusi kikaachia, na ndani yake nikaona taa ndogo ya kijani inawaka na kuzima.

Nilitegemea mizizi. Nilitegemea majivu, ukucha wa mnyama, kitu chochote ambacho bibi zetu huwashonea wajukuu ili wasidhurike.

Taa...? Kwenye kinga ya bibi?

Nilikaa pale pale sakafuni, juu ya oili. Dada yangu alikuwa na siku kumi na moja kaburini, na kile kidude bado kilikuwa kinamtafuta.

Ndugu wasomaji, nisomeni mpaka mwisho. Pole sihitaji, msibani nilipewa za kutosha, nyingine na watu ambao hawakustahili hata kuniangalia usoni. Nataka mjue ilivyokuwa, halafu mnihukumu.

Naitwa Bernardo. Ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Mtawanya. Wazee wetu walivuka Ruvuma wakikimbia vita ya Mreno, ndiyo maana majina yetu yako hivi. Baba na mama walishatangulia. Tulibaki mimi, dada yangu Laurinda, na bibi yetu Anabela aliyetulea kule Mpapura.

Dada alikuwa na gari ambalo mji mzima unalijua. Celica nyekundu ya mwaka tisini na moja, milango miwili, iko chini mpaka ukipanda unahisi umekaa barabarani. Taa zake za mbele zimejificha ndani ya boneti, ukiwasha zinainuka. Watoto wa Shangani waliiita Chura.

Aliileta marehemu kaka yetu Americo kipindi kile cha gesi, kila mtu Mtwara akijiona tajiri mtarajiwa. Alipofariki akamwachia dada. Dada aliipenda kuliko kitu chochote nyumbani kwake.

Sasa mume wake. Shemeji Anold.

Mtu wa watu! Ukiwa na shughuli, wa kwanza kubeba viti ni yeye. Mara ya kwanza kumwona dada na jino limevunjika, yeye mwenyewe aliniambia ameteleza bafuni. Mara ya pili hakuhangaika kunidanganya.

Mwaka jana, mwezi wa nne, dada akaondoka. Alichukua begi moja na Chura yake.

Alienda kwanza Shangani, kwa rafiki yake wa kazini. Siku ya tatu Anold akagonga mlango, ameshika maua, anatabasamu.

Akaenda Newala. Siku ya pili, Anold huyo.

Akaja Mikindani, chumba cha uani ambacho hata mimi nilielekezwa mara mbili ndipo nikakiona. Akakaa wiki. Siku ya nane anatoka kufua, anamkuta mumewe amekaa kwenye ndoo anamsubiri.

Na kila mahali, gari lilikuwa linamgomea. Likilala siku mbili tatu bila kuwashwa, betri imekufa. Unabusti kwa nyaya za betri ya gari lingine, linawaka, unafurahi. Likilala tena, kimya. Alibadilisha betri tatu ndani ya miezi sita. Fundi mmoja akamwambia kwamba marehemu Americo hajaridhika huko aliko. Mwingine akasema ni jini, litafutiwe kuku.

Jioni moja dada akaja gereji akasimama mbali, hakunisalimia.

"Mdogo wangu, nikuulize kitu. Nani alijua niko Mikindani?"

"Mimi. Na bibi."

"Bibi hana hata simu."

"Dada, unamaanisha nini?"

"Namaanisha Anold anakulisha nini?"

Wasomaji, nimewahi kupigwa shoti ya umeme wa nyumba nzima. Haikuuma vile. Niliapa kwa kaburi la mama, nikalia mbele ya wateja. Dada akapanda Chura, akaondoka.

Miezi miwili hakuniambia alipo.

Mpaka ile Alhamisi, saa nane mchana. Simu ikaita, namba ngeni.

"Bernardo, ni mimi. Niko Kilambo."

"Kilambo unafanya nini?"

"Nilitaka kuvuka Ruvuma niende kwa wajomba ng'ambo. Kivuko kimekwama kwenye mchanga siku ya tatu leo. Nataka nihame hapa, sipapendi. Lakini gari limelala tena. Nisaidie tu, yale mengine tutaongea."

"Geuza ufunguo. Linafanyaje?"

"Tik tik tik tik."

"Washa taa za mbele."

"Zimeinuka nusu... zimesimama."

"Basi stata nzima, ni betri. Kuna mtu wa kukusukuma?"

"Mwenye nyumba yuko shamba. Niko peke yangu."

"Fungua boneti. Simama mbele ya gari, shika vile vichwa viwili vya betri, uvitikise. Vinacheza?"

"Kimoja kinacheza kidogo."

"Kikaze kwa mkono. Weka simu spika."

Nikamsikia anahema. Nikasikia boneti inalia. Halafu nikasikia injini nyingine, ya dizeli, inakuja taratibu.

"Bernardo... kuna gari linaingia."

"Nani?"

Nikasikia sauti ya mwanamume, tulivu kabisa, ile sauti ya kubeba viti kwenye shughuli za watu.

"Hujachoka kukimbia, mke wangu?"

Kisha ile dizeli ikavuma. Kisha kishindo. Sitawaandikia kilichofuata, kilikuwa kifupi na mimi nitakisikia mpaka nife.

Simama mbele ya gari. Hayo yalikuwa maelekezo yangu.

Mnajua Anold alisema nini polisi? Kwamba alikuwa anapita zake kwenda Kilambo kununua mchele, akaona gari la mkewe limefunguliwa boneti, akasogea pua kwa pua ili ambustie betri. Breki zikateleza. Ajali. Na kweli, kwenye gari lake walikuta nyaya za kubusti.

Mimi nikasema nilisikia sauti yake. Akasema ndiyo, alimsalimia mkewe, alikuwa anamtania.

Wakamwachia kwa dhamana. Msibani alikaa mkeka mmoja na bibi, wanashikana mikono, wanalia. Shangazi mmoja akanifuata jikoni akanong'ona, "Watu wanasema dada yako alikushuku wewe kabla hajafa. Ni kweli?"

Kama si mimi niliyemwambia Anold, ni nani? Mtu hawezi kupita Kilambo kwa bahati baada ya kupita Newala na Mikindani kwa bahati.

Siku ya kumi baada ya mazishi polisi wakaturudishia gari. Nikalivuta mpaka gereji. Bampa limeingia ndani, taa ya kushoto vipande vipande, lakini betri ilikuwa nzima. Nikaamua kufanya kile ambacho fundi hufanya. Nitafute nani anainyonya.

Wenye magari mtanielewa. Nilichaji betri usiku kucha, asubuhi mita ikasoma kumi na mbili na pointi sita. Nikawasha, jenereta ikatoa kumi na nne. Kwa hiyo betri nzima, na inachajiwa vizuri. Basi kuna kitu kinakula gari likiwa limezimwa.

Nikazima kila kitu, nikafunga milango, nikachomoa waya wa hasi kwenye betri, nikapitisha mita katikati. Gari zuri hapo linasoma karibu na sifuri. Saa ya redio tu ndiyo hula kidogo.

Mita ikasoma pointi nne. Siku tatu za kiwango hicho betri chakavu haiamki.

Nikaanza kuchomoa fyuzi mojamoja. Taa za ndani, haishuki. Honi, haishuki. Nikagusa fyuzi ya redio, mita ikaanguka mpaka chini.

Nikairudisha, nikaingia chini ya dashibodi na tochi mdomoni, nikaufuata waya wa redio. Katikati ya njia, ulikuwa umetobolewa. Nyaya mbili nyembamba kama nywele zimeunganishwa pale, zinapanda juu, zinaingia kwenye kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kimefungwa nyuma ya usukani.

Kinga ya bibi.

Kwetu kila mjukuu anayo. Hata pikipiki yangu inayo, chini ya siti. Bibi anashona mwenyewe, mshono wa kurudi nyuma, fundo tatu mwishoni. Na kinga ya mtu haiguswi na mtu mwingine. Mwanamume hagusi ya dada yake. Ukiigusa umemvua nguo mbele za watu, na likimpata la kumpata ni wewe.

Hilo mafundi wa huku wote wanalijua. Ndiyo maana wale wengine waliona jini.

Lakini kinga haili umeme. Nikatafuta wembe.

Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti, na laini ya simu ndani yake. Kinamwambia mwenye nacho gari liko wapi, saa zote. Kule Kilambo mtandao unayumba, mara wa huku mara wa ng'ambo, nacho kikawa kinahangaika kuutafuta na kunywa chaji maradufu. Na betri isiyoweza kuzungusha stata bado inatosha kulisha kitu kidogo kama kile. Gari likafa, chenyewe kikabaki hai.

Nikakichomoa, nikapanda pikipiki mpaka Mpapura. Bibi alikuwa uani anapepeta mihogo mikavu. Nikakiweka kile kitambaa mapajani kwake.

"Bibi, huu mshono ni wa nani?"

Akavaa miwani yake. Akaugusa kwa kidole.

"Wangu."

"Mbona ndani hakuna dawa?"

"Niliweka alichonipa mumewe."

"Anold alikwambia hiki ni nini?"

Nilikuwa naomba, wasomaji. Nilikuwa naomba aseme alidanganywa.

"Alisema kitamwonyesha mkewe alipo. Alilia hapa, mwanangu, mwanamume mzima, machozi mpaka kwenye mkeka. Nikasema huyu anampenda. Akasema nikishona mimi, hakuna atakayekigusa. Kwenye gari alikifunga mwenyewe."

"Alikuwa anampiga! Na ulijua."

"Babu yako alinipiga miaka kumi na minane. Si nipo?"

Yeye akaendelea kupepeta mihogo, polepole, halafu ungo ukamponyoka. Akaanza kulia bila sauti, mabega tu yanacheza.

"Kichome," akasema. "Kichome, tumzike vizuri."

"Hapana, bibi."

"Utanipeleka mimi polisi? Mimi niliyekulea?"

"Nakipeleka hiki. Wewe utasema mwenyewe."

Nilikipeleka mchana ule ule, na kitambaa chake, na uzi wake. Ile laini ilisajiliwa kwa jina la Anold. Mtu aliyekuwa anapita tu kununua mchele alikutwa kwenye simu yake na njia zote za Chura, kuanzia Shangani mpaka Kilambo, chini ya mkorosho alikoliegesha dada. Dhamana ikafutwa, kesi iko mahakamani. Bibi alitoa maelezo akiwa amejifunika khanga usoni, nami ndiye niliyemshika mkono kupanda ngazi. Sijamsamehe, lakini hana mwingine wa kumshika.

Sasa mnasema, pole Bernardo, umesafishika.

Subirini. Kuna kitu kimoja nimewaficha tangu mwanzo.

Ile siku ya wembe haikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kile kifurushi.

Dada aliniletea gari mwezi wa tano, kabla hajaanza kunishuku. Nilipima vilevile, kwa mita ile ile. Nilichomoa fyuzi ya redio, mita ikashuka vilevile. Nikaingia chini na tochi, nikakuta kitambaa cheusi na uzi mwekundu, na nyaya mbili zinaingia humo. Niliziona. Fundi mwenye miaka kumi na moja kazini, niliziona nyaya zinaingia kwenye kinga, nikajiambia labda zimepita tu nyuma yake.

Nikatoka chini ya dashibodi, nikajipangusa mikono. Fyuzi nikairudisha, maana saa ya redio ilikuwa inasumbua bila hiyo.

Dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeona kile kitu cha bibi?" akaniuliza. "Mimi sikumwomba. Kinanitia hofu, mdogo wangu. Kitoe."

"Mimi? Siwezi, dada. Mwiko."

"Basi nipe mkasi nikitoe mwenyewe."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Nikautia mfukoni.

"Kiache," nikamwambia. "Kinakulinda. Nunua betri nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alitoka kwangu akaenda Mikindani, na Anold akaona kila kona aliyokata.

Mwenye dada, mwenye binti, nakuomba hili moja. Mtu wako akikwambia kitu kinamtisha, usimwambie ni mila, usimwambie ni kinga, usimwambie avumilie. Mpe mkasi. Heshima inayokataza watu kuuliza ndiyo wabaya wanayojifichia, na wakati mwingine tunawashonea sisi wenyewe.

Majuzi nilizikata zile nyaya mbili zilizobaki na kuufunga waya wa redio upya. Nikaliacha gari wiki nzima bila kuligusa. Jana asubuhi nikaingia, nikageuza ufunguo.

Likawaka mara moja. Nikawasha taa, ya kulia ikainuka mpaka juu.