Msiba Usio na Kilio

Abeid alikata roho asubuhi, na kabla shuka halijamfika usoni, Mgawamajonzi ulikuwa umeshaanza kazi. Mkewe, Sikudhani, aliyasikia majonzi yakipanda kifuani, yakafika kooni, kisha yakatoweka. Akabaki amemshika marehemu mkono, akiwaza kwamba kucha zake zilitaka kukatwa.

Aliujua mtambo huo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyeubuni. Kila mkazi wa Tanga Mpya alikuwa na punje ya madini nyuma ya sikio. Mtu akifiwa, punje iliyanasa majonzi yake, mtambo ukayakatakata na kuyasambaza kwa jiji zima, kila mmoja akapata chembe isiyozidi maumivu ya kuumwa na mbu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikudhani aliugeuza mzigo wa kila mtu kuwa usufi, na jiji likaipa barabara jina lake.

Mashine za makaburini zilimzika Abeid adhuhuri. Likizo ya msiba ilifutwa zamani, kwa hiyo baada ya mazishi Sikudhani alikuwa ofisini. Alikumbuka jinsi mumewe alivyozoea kuimba bafuni kwa sauti mbovu, naye akimgongea mlango anyamaze. Akasubiri. Hakuna kilichokuja. Ilimtisha kidogo, kisha hata hofu yenyewe ikafifia. Mtambo ulichukua mchana mzima kumaliza msiba mmoja, na jua likizama hakuna kilichoweza kurudishwa. Akaomba kujitoa mtamboni.

Dokta Lubuva, mshauri wa maadili wa mtambo, aliingia bila kusema pole. Siku hizi neno hilo halikuwa na kazi.

"Nimeona ombi lako, Mhandisi. Sitaki kuamini."

"Namtaka mume wangu, Dokta. Hata kama amebaki maumivu matupu, nayataka."

"Huo ni ubinafsi." Alivuta kiti, akaketi. "Kuna njia mbili za kupima tendo. Ya kwanza inauliza, mimi nitapata nini? Ya pili inauliza, wengi watapata nini? Sisi tulichagua ya pili. Ukijitoa, unaondoa na bega lako. Na wewe si mtu wa hivi hivi. Akitoka mbunifu watatoka elfu, kisha laki. Wale watoto waliopoteza wazazi kwenye maporomoko ya udongo, nani atawabebea?"

Hoja ilikuwa nzuri. Sikudhani mwenyewe aliwahi kuitetea barazani.

"Mimi nilimzika mwanangu," Lubuva akaendelea kwa upole, "nikarudi kazini siku ileile. Nakushukuru mpaka leo."

Alisema kweli, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Sikudhani alimtazama mtu huyo anayemshukuru, akaona aibu, ingawa nayo ilikuwa nyembamba.

"Tulikosea kwenye majaribio," alisema.

"Tulikosea nini? Vipimo vilishuka kila nyumba."

"Kila nyumba ya matanga. Tuliwafunga punje watu waliokuwa wamekaa mkekani na jirani zao. Shangazi walilala pale, mashemeji walipika. Watani walimwigiza marehemu mpaka mjane akacheka huku analia. Vipimo vikashuka, tukasema ni mtambo. Hatukupima hata nyumba moja yenye mfiwa peke yake, kwa sababu haikuwepo."

"Lakini leo watu hawaumii."

"Hawaumii, na hawaendi msibani. Kila mtu tumempa raha yake, tumemwondolea mwenzake mlangoni, halafu tukaita manufaa ya wengi. Wewe unaniita mbinafsi, Dokta. Ubinafsi tumeugawa sisi, bure, nyumba kwa nyumba."

"Hata ukiwa sahihi, hesabu haibadiliki. Maumivu ya jiji ni karibu na sifuri."

"Ndiyo," alisema Sikudhani. "Karibu na sifuri."

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Hakuwa jasiri, ujasiri nao huhitaji moyo. Alifanya tu lile aliloliamua, akaibonyeza punje bila kungoja kibali mpaka ikazimika.

Majonzi yalirudi yote kwa mpigo. Yalimwangusha sakafuni, akapiga yowe, akaliita jina la Abeid mpaka sauti ikakwama. Alimtaka. Alitaka aimbe vibaya, aimbe mpaka asubuhi. Katikati ya uchungu huo alikuwa na tumaini moja. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Madirisha yalikuwa wazi. Mtaa mzima ulisikia.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Bi Mwanahawa, jirani wa ukuta mmoja, mtu mzima wa rika lake. Nyuma yake, uani, watu kadhaa walisimama wakitazama.

"Jirani, vipi tena? Unaumwa wapi?"

"Nimefiwa, Mwanahawa," alisema Sikudhani, akimnyooshea mikono. "Nimefiwa na mume wangu."

"Ndiyo, taarifa tuliipata asubuhi." Bi Mwanahawa aliitazama ile mikono, kisha akawageukia walio nje, kisha akamtazama tena, kwa nia njema kabisa. "Nauliza unaumwa wapi, niwaambie wa gari la wagonjwa."